Saba Upande wa Kulia

Juzi binti yangu, yuko darasa la nne hapa Kampala, alirudi nyumbani akicheka mpaka begi likamdondoka. Eti kuna mvulana mpya, Mkongo. Aliambiwa asome ubaoni neno "table", akalisoma Kifaransa. Darasa zima chini kwa kicheko. Sasa jina lake ni Tabulo, na mwalimu naye anamwita hivyohivyo.

Nilitaka kumkaripia, nikakumbuka. Wiki iliyopita mama mmoja alipita na vitenge kichwani, nikasema, "Wakongo hawa wamezidi." Mtoto alikuwa pale pale anamenya matoke.

Huyo Tabulo ana miaka 13. Kwao Bunia alikuwa darasa la sita, hapa amerudishwa la nne, magoti hayaingii chini ya dawati. Kwa sababu ya Kiingereza, wanasema. Haya, mtihani wa darasa la saba ni wa Kiingereza, na mwalimu ana watoto tele. Nimemwelewa, shingo upande.

Lakini hesabu?

Maana wanaomcheka mchana ndio hao hao wanaokopi kazi zake jioni. Binti yangu alikuja na daftari la Tabulo. 952 gawa kwa 7. Jibu lake 136. Nilipiga kwa simu kuhakikisha, ni sahihi. Mwalimu kampa kosa, kalamu nyekundu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Kisa? Ile 7 imekaa kulia. Kongo ndivyo wanavyofundishwa tangu enzi za Wabelgiji: namba ya kugawia inakaa kulia, jibu linaandikwa chini yake. Sisi tunaiweka kushoto. Basi! Watoto wote wameliona lile kosa jekundu, na somo wamelielewa vizuri kuliko Kiingereza chao: huyu hata akipata, amekosa. Halafu tunashangaa wanamwita mugwira, yaani mtu wa kuja, wakati wa kugombania mpira.

Na kichekesho chenyewe: mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe somo la lazima, msingi na sekondari. Shule ile mpaka leo inatafuta mwalimu. Anayekijua kuliko wote pale amekaa dawati la nyuma. (Sisi wa Arua, waongea Kiswahili wa West Nile, tumezoea. Kampala ukiongea Kiswahili sokoni, watu wanashika pochi zao.)

Wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu wako nchini, na kwenye mikutano tunajisifu kwa ukarimu. Sawa. Dawati la saizi yake je?

Baba yangu yuko kwangu kwa ajili ya macho. Mwaka 1980 vita vilipofika West Nile walikimbilia Zaire, ndiyo Kongo ya leo, akasoma huko miaka minne. Darasani walimwita "Amin". Mjukuu wake hakuwa na habari.

"Babu, kumbe nawe ulikuwa mugwira?"

Mzee hakujibu. Aliomba kalamu, akaandika 952 kubwakubwa, kama mtu asiyeona vizuri, akachora mstari, akaweka 7 upande wa kulia.