Nyumba ya DC ndiyo somo lenyewe

Muhula wa pili ukifika katikati, pwani ya Amu, yaani mji wa Lamu, hujaa sare za shule. Watoto wa Witu na Mpeketoni huja kwa basi mpaka Mokowe kisha wakavuka kwa mtaboti, wa Faza na Siyu hushukia gatini moja kwa moja, na wetu wa mitaa ya Langoni na Mkomani hutembea tu. Foleni mbili mbili, daftari mkononi. Asubuhi moja huwapitisha Makumbusho ya Lamu, Ngome, Nyumba ya Kiswahili na Posta ya Wajerumani, kisha soda, kisha kurudi. Nimefundisha Mafunzo ya Jamii muda wa kutosha kujua ripoti ya jioni itasemaje: wanafunzi walifurahia na walijifunza mengi.

Walifurahia, sibishi. Hayo mengine nina shaka nayo.

Tazama tunavyofanya tukifika kwenye hiyo Makumbusho ya Lamu. Mlango ukifunguliwa tu, walimu tunawasukuma watoto mbele ya siwa, zile baragumu za heshima: ile ya pembe iliyotoka Pate na ile ya shaba ya hapa Amu. Wananakili maelezo neno kwa neno, mmoja akimsomea mwenzake, tunasonga kwenye mlango wa nakshi, kisha kwenye viti vya enzi. Vitu vizuri, na ni vyetu. Lakini jumba lenyewe lililovihifadhi hakuna anayeliuliza habari. Lilikuwa makazi ya maofisa wa Kiingereza waliotawala wilaya hii. Ngazi anazopanda mtoto wa Gredi ya tano akicheka ndizo alizopanda DC, mkuu wa wilaya. Kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ziara ile ni nyumba, nasi tunaigeuza kabati la kuwekea vitu vingine.

Maoni yangu ni haya: mtoto aliyesoma nyumba moja vizuri ameyajua maisha ya ukoloni kuliko aliyekimbizwa sehemu nne. Na nyumba husomeka, hata na mtoto asiyependa kusoma.

Anza na mahali ilipoelekea. Nyumba za mawe za ndani ya mji, kama hiyo Nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18, zimeupa mgongo usita, yaani njia ya mtaani. Unaingia dakani, kibaraza cha mlangoni, unageuka, na mpaka hapo hujaona kitu cha mwenye nyumba. Ndiyo kwanza unakuta kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha misana, vile vyumba virefu vinavyofuatana, kisha ndani kabisa ambako zidaka, vishubaka vya urembo, zimepangwa ukutani toka chini hadi juu. Mgeni husogea kadiri anavyoaminiwa. Sasa rudi kwa DC: roshani pana, uso wote umeelekea bahari. Si kwamba Mwingereza ndiye aliyevumbua roshani, maana wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu nao walijenga hivyo usoni mwa bahari. Lakini muulize mtoto aliyesimama pale juu: mtu anayeishi hapa anaona nini? Watakutajia wenyewe. Anaona jahazi linaloingia na linalotoka, boriti za mikoko zikipakiwa, nani ameshuka na mzigo gani. Hapo wameielewa serikali ya kikoloni bila ya wewe kuandika kichwa cha habari ubaoni.

Wakiwa bado pale juu, waonyeshe Manda. Watoto wetu wanaijua Manda kwa uwanja wa ndege na magofu ya Takwa. Wachache wanajua kwamba wakati wa hali ya hatari, miaka ya 1950, serikali iliwafunga watu kisiwani humo kwa kushukiwa kuwa Mau Mau, watu wa bara ambao wengi wao walikuwa hawajapata kuiona bahari. Mau Mau kwenye kitabu ni habari ya Nyeri na msitu wa Aberdare. Kumbe kipande chake kimo ng'ambo tu ya mkondo.

Kisha wateremshe, wafuate Usita wa Mui mpaka Ngome. Ni mwendo mfupi, na ndio sehemu ya ziara ninayoipenda kuliko zote. Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela, kwa msaada wa Waomani. Hilo walimu wote tunalisema. Tunalolipita mbio ni kwamba tangu 1910 ilikuwa jela, na iliendelea kuwa jela mpaka 1984. Waache watoto wafanye hesabu wenyewe. Uhuru ulipatikana 1963. Bendera ilibadilika, na jela ikabaki jela kwa miaka ishirini na moja zaidi, katikati ya mji, mbele ya soko. Sisi tuliokua wakati huo tulitishiwa nayo: ukiiba embe la watu, Ngomeni! Babu wa mtoto huyu aliyekaa kwenye ngazi akila biskuti alikuwa akipita hapa na kuwasikia wafungwa. Kazi ya nyumbani ninayowapa ni hiyo tu: kamuulize mzee wako Ngome ilikuwaje ilipokuwa jela. Wanarudi na habari ambazo hazimo kwenye kibao chochote, nyingine zimeongezwa chumvi, lakini zinazungumzika darasani.

Ile Posta ya Wajerumani nayo huwachosha watoto kwa sababu tunawaonyesha kama habari ya stempu. Ilifunguliwa Novemba 1888, ikafungwa 1891. Kwa nini Mjerumani aweke posta Amu, mji uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar? Kwa sababu ya Witu. Sultani Ahmed wa Witu, aliyeitwa Simba, alikuwa amepatana na ndugu wawili wa Kijerumani, akina Denhardt, na mwaka 1885 Ujerumani ikatangaza himaya yake huko. Barua zilipitia hapa. Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya wakagawana upya, Witu ikaenda kwa Waingereza bila ya mtu wa Witu kuulizwa. Wajerumani kadhaa wakauawa huko Septemba mwaka huo, na Oktoba kikosi cha manowari za Kiingereza kikaenda kuuchoma mji. Basi mtoto aliyetoka Witu asubuhi hiyo, aliyeamka alfajiri kuwahi basi, anasimama mbele ya kioo kutazama stempu na hakuna anayemwambia kwamba hii ni habari ya kwao.

Kuna jambo la sheria pia. Vitabu husema Kenya ikawa koloni mwaka 1920, na mtoto wa Amu huitikia. Lakini ukanda huu wa maili kumi ulibaki himaya, mali ya Sultani kwa jina, ambao Mwingereza aliukodi tangu 1895 kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Ndiyo maana hapa palikuwa na DC, na palikuwa na Liwali, mwakilishi wa Sultani, na palikuwa na Kadhi. Anayepandisha ngazi za nyumba ile kwenda kushtaki alipaswa kwanza ajue ashtaki kwa nani. Ukoloni wa Amu haukufanana na wa Kiambu, na mtoto ana haki ya kuujua wa kwao.

Nifike panapowasha. Tukiieleza nyumba ya DC kama nyumba ya dhuluma, halafu tukavuka kwenda Nyumba ya Kiswahili tukaieleza kama pepo ya amani, tumewadanganya watoto. Mwingereza hakutukuta tukiwa sawa sote. Utumwa ulifutwa kisheria hapa pwani mwaka 1907, na kabla yake yale majumba ya ghorofa, pamoja na zidaka na plasta yake nzuri, yaliendeshwa na mikono ya watumwa waliolala chini huku mabwana wakikaa juu. Nimesikia walimu wakiharakisha sehemu hiyo, nami naelewa kwa nini. Darasani wamekaa wajukuu wa huku na wa kule, na mji ni mdogo. Ninachofanya ni kuzungumzia chumba, sio ukoo. Hapa chini alilala nani? Maji ya kuoga ya juu yalibebwa na nani? Swali hilohilo nimeshawauliza kwa DC, na jibu lake halikuwa DC. Wanaona wenyewe kwamba nyumba mbili zisizofanana usoni zinafanana jikoni.

Kitu kimoja nakikataa kabisa, nacho ni ile tabia inayoingia siku hizi ya kumvisha mtoto kofia ya mzungu apigwe picha akijifanya DC, wenzake wakijifanya askari na mpishi. Watoto wanacheka, wazazi wanaituma kwenye makundi ya WhatsApp. Ni mchezo, nitaambiwa. Basi ukitaka mchezo, mpe mtoto jambo la kumshtakia DC, kodi ya nyumba kwa mfano, halafu mwenzake amjibu kwa niaba ya serikali. Huo nao ni mchezo, na una kazi ndani yake.

Nimekwisha kuambiwa na mwalimu mmoja wa bara kwamba haya yote ni rahisi kwetu tunaoishi hapa. Shule yake imekusanya nauli mwaka mzima na mzazi aliyelipa anataka mwanawe aone kila kitu. Hoja yake ina uzito. Kwa watoto wetu wa kisiwani naona tugawe: Gredi ya nne Nyumba ya Kiswahili, ya tano nyumba ya DC, ya sita Ngome, kila mwaka asubuhi moja na daftari libaki mkobani mpaka warudi darasani. Kwa wanaotoka mbali, chagueni mbili, ya DC na Ngome, mwende kwa miguu kati yake na msimame njiani. Posta iongezeni iwapo mna mtoto wa Witu. Siwa mtazipitia mkiingia, dakika tano zatosha.