Mgonjwa wa Isanga akitoka, anarudi kwa nani?

Vijana wanaosoma saikolojia huko Tanzania wananiuliza sana kama inalipa kuja Uingereza kusomea saikolojia ya mahakama, yaani hii fani ya watu waliotenda kosa wakati akili haipo sawa, na jibu langu huwa refu kuliko meseji inavyoweza kubeba kwaiyo leo naandika yote. Kusoma njoo. Ila swali kubwa kuliko yote kwenye hii fani lipo Dodoma, kule Isanga, sehemu ya hospitali ya akili ya Mirembe wanakowekwa waliotenda kosa wakiwa wagonjwa, na huku nilipo hakuna atakayekaa chini kulijibu kwa niaba yetu.

Nianze na cha huku kinachonipendeza, na kinanipendeza kwelikweli. Mtu akipelekwa na mahakama kwenye hospitali yenye ulinzi chini ya sheria ya afya ya akili ya 1983, hata akiwa na zile amri za masharti makali, miezi 6 ya kwanza ikipita ana haki ya kuomba kesi yake isikilizwe na baraza, afu baada ya hapo anaweza kuomba mara moja kila mwaka. Kwenye baraza anakaa jaji, daktari wa akili na mtu wa tatu asiye mwanasheria, na mgonjwa anawekewa wakili bila kulipa hata senti. Sa wewe mwanasaikolojia ripoti yako inasomwa mbele ya wote hao, unaulizwa umejuaje, kwa nini unasema bado ni hatari, umefanya nini mwaka mzima kumsaidia, na mgonjwa mwenyewe yupo anakusikiliza. Hiyo peke yake inakufundisha kuandika kwa heshima. Afu kuna ngazi, anaweza kuanzia ulinzi mkali kabisa kama Broadmoor iliyofunguliwa 1863, akashuka ulinzi wa kati, wa chini, mpaka nyumba ya mtaani anayotembelewa na wahudumu. Kila ngazi ina watu walioajiriwa kumsogeza kwenda nje.

Nyumbani sheria ya kumuingiza mtu tuliirithi hukuhuku. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kina damu ya kesi ya Daniel M'Naghten, aliyempiga risasi katibu wa waziri mkuu hapa London mwaka 1843 akaonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Mahakama yetu ikitia shaka akili ya mshitakiwa inampeleka hospitali ya akili, na daktari mkuu anatakiwa kurudisha ripoti ndani ya siku 42. Muda mzuri tu huo, siulalamikii. Tatizo linaanza baada ya hukumu, pale mahakama inaposema alitenda lakini hakuwa na akili timamu, maana hapo jambo lake linaripotiwa kwa waziri, mgonjwa anakaa, anatumia dawa, anatulia, anaanza kuwasaidia wenzake kufua na kufagia, ndugu wameacha kuja, na hakuna siku maalum ambayo yeye mwenyewe anaweza kusimama mbele ya watu na kusema jamani mimi nimepona niangalieni. Waliofanya kazi upande wa Isanga pale Mirembe wanawajua watu wa namna hiyo. Hili linaniuma.

Lakini tuseme amepewa ruhusa kesho asubuhi. Anaenda wapi? Watu wenye saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomtoa mtu kwenye uhalisia, wanapomdhuru mtu mara nyingi anayedhurika ni wa karibu, mama, mke, kaka, mtoto. Huku unaweza kumwekea mgonjwa sharti asikanyage mtaa fulani wanakoishi waliodhurika, anapewa chumba mji mwingine na maisha yanaendelea. Kwetu aliyeuawa na mgonjwa aliyemuua ni wa boma moja. Shamba analotegemea kulima ndo lilelile, kaburi lipo nyuma ya nyumba. Mzee mmoja ni baba wa mgonjwa na ni baba wa marehemu, sa huyo mzee unamuulizaje kama yuko tayari?

Vipimo nnavyofundisha huku, vya kukadiria kama mtu anaweza kudhuru tena, havina nafasi ya swali hilo. HCR-20 kwa mfano, iliyotengenezwa Canada miaka ya 1990, ina vipengele 20, 10 vya historia, 5 vya hali ya sasa na 5 vya mbele anakoelekea, na humo utaulizwa kuhusu makazi yake na watu wa kumsaidia. Ni chombo kizuri, nakitumia na nakiamini kwenye mazingira yake. Ila ukienda nacho kijijini kipengele cha watu wa kumsaidia kinakufa mkononi, kwa sababu ndugu wapo wengi na haohao ndo wenye msiba, nusu wanamtaka arudi na nusu wameapa harudi. Anayejua kupima hilo ni mwenyekiti wa kitongoji, shangazi, mchungaji au shehe, na ofisa ustawi wa jamii aliyekaa kwenye vikao vyao. Hao wana ujuzi ambao haujaandikwa popote na mtu wa PhD angewafuata na daftari miaka kadhaa angeibua kitu ambacho Ulaya nzima haina.

Na tusidhani utengamao, yaani kumrudisha mgonjwa kwenye kazi na maisha ya watu, ni kitu cha kuagiza toka nje. Darasani huku utasikia Fountain House ya New York, 1948, nyumba ambayo waliougua akili wanafanya kazi pamoja, utasikia chuo kikuu cha Boston, na ni kweli walifanya kazi kubwa. Ila kule Lutindi, milima ya Usambara, wagonjwa wa akili wamekuwa wakilima na kufanya kazi za mikono tangu mwanzoni mwa karne ya 20, Profesa Lambo, daktari wa akili wa Nigeria, alianzisha kijiji cha Aro pale Abeokuta mwaka 1954 mgonjwa akitibiwa huku anaishi na ndugu yake, na baada ya uhuru tulikuwa na vijiji vya kilimo vya wagonjwa kama Vikuruti. Nikiwatajia wanafunzi wangu haya wanaandika haraka haraka, wengi ni mara ya kwanza kusikia.

Huku nako si peponi, lazima niseme. Watu weusi wanawekwa hospitali kwa lazima kwa kiwango kikubwa mno kupita weupe, takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha hivyo kila mwaka, na ukitembea wodi zenye ulinzi utawaona ndugu zako wamejaa. Watu wa kuja kuwatembelea hawana. Kwetu mama angelala nje ya geti na hotpoti yake.

Kuhusu kazi sasa. Udaktari wa saikolojia tiba hapa England ni miaka 3, NHS, huduma ya afya ya serikali, inalipa ada na mshahara, lakini nafasi hizo vyuo vingi vinawapa wenye hadhi ya ukazi, usikate tiketi kwa matumaini hayo. Ukiweza anza na MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, wana uzamili wa saikolojia tiba, pata mikono ya kazi kwanza, afu njoo huku kwa ajili ya PhD ukiwa tayari na swali lako. Ukija mikono mitupu utapewa swali la kwao, pesa ya utafiti ndo inavyovuta, utajikuta profesa wa mambo yasiyomgusa mtu yeyote kwenu. Na kitu kimoja kinanishangaza, UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, na Mirembe zipo mji mmoja. Kiti kimoja tu cha uhadhiri chenye mguu mmoja chuoni na mwingine Isanga kingetosha kuanzia, mi ningekiomba hata kesho.

Kama wewe ni ofisa ustawi, nesi au ofisa magereza na uliwahi kumrudisha mgonjwa kwao baada ya kesi ya mauaji, naomba unitafute. Nataka kujua kikao cha kwanza mlikaa wapi na nani alianza kuongea.