Harusi za Julai na Vinywaji vya Oktoba

Jumamosi iliyopita, yapata saa nne za usiku, katika ua mpana wa Kampemba uliopambwa kwa taa na vitambaa vyeupe, kijana wa protokoli aliniwekea mezani chupa ya soda iliyotoka moja kwa moja kwenye pipa la barafu. Nilikuwa nimevaa koti zito juu ya suti, na mama aliyeketi kando yangu alikuwa amejifunga vitenge viwili juu ya gauni ambalo bila shaka lilishonwa kwa gharama ili lionekane. Nilimuuliza kijana yule kwa upole kama jikoni kulikuwa na chai. Alinitazama kwa huruma, akasema: «Papa, unaumwa?»

Sikuwa naumwa. Nilikuwa Lubumbashi mwezi wa Julai, na hiyo ilipaswa kuwa sababu ya kutosha. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, kusini kabisa mwa Kongo, na kuanzia Juni upepo wa kusini-mashariki hutuletea baridi kavu ambayo mgeni atokaye Kinshasa haiamini mpaka alale hapa usiku mmoja. Mchana jua hutudanganya kwa nyuzi 25. Usiku mara nyingi tunashuka chini ya 10. Hii ndiyo miezi tunayoichagua kwa harusi, kwa kuwa hakuna mvua ya kutuangushia mahema, kisha tunawaandalia wageni wetu vinywaji vya Oktoba, mwezi wetu wa joto kali.

Rai yangu ni kwamba mwenyeji anayewakalisha watu nje usiku wa Julai bila kuwapikia chai ya maziwa yenye viungo amewapokea nusu. Sisemi juu ya maji ya moto na kifuko kinachoning'inia kwa uzi. Vile vifuko vya dukani vilivyotiwa harufu ya mdalasini sivikatazi, vinafaa ofisini. Nasema juu ya sufuria kubwa iliyokaa juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na kuchemka kwa utaratibu wake. Mdalasini hutangulia, kwa sababu ni gome gumu lisilotoa harufu kwa haraka, pamoja na tangawizi mbichi iliyopondwa na karafuu chache. Nasisitiza chache, kwani zikizidi ulimi hufa ganzi kama wa mtu aliyetoka kwa daktari wa meno. Maji hayo yachemke mpaka yabadilike rangi. Ndipo huingia majani, kwa dakika tatu au nne, wala si nusu saa kama tulivyozoea, hadi chai inakuwa chungu na lawama inatupiwa sukari. Maziwa hufuata, na iliki iliyopasuliwa maganda huja mwisho kabisa, maana harufu yake ni nyepesi na huondoka pamoja na mvuke.

Tangawizi inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa imewakatisha tamaa wapishi wengi. Jirani mmoja wa Katuba aliapa kwamba hatapika tena chai ya tangawizi, kwa sababu maziwa yake yalikatika mbele ya wakwe, naye akamlaumu muuza maziwa hadi leo hawasalimiani. Muuza maziwa hakuwa na kosa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa na kuyagandisha, na kimeng'enya hicho huharibiwa na moto. Ukiichemsha kwanza ndani ya maji matupu kwa dakika kadhaa, maziwa utakayoongeza baadaye yatakuwa salama. Sisi ambao mara nyingi tunatumia maziwa ya unga tuyakoroge kando kwa maji ya vuguvugu, mpaka mabonge yote yaishe, halafu tuyamimine. Hakuna atakayelalamika, isipokuwa shemeji aliyerudi kutoka Ubelgiji, ambaye angelalamika kwa vyovyote.

Wataniambia kwamba viungo ni ghali. Iliki ni ghali kweli, nakubali kwa shingo upande. Hata hivyo, kiasi kidogo hutosha sufuria nzima, na sijamwona mweka hazina hata mmoja akihesabu chupa za soda zinazobaki nusu mezani kwa sababu vidole vya watu vimekufa ganzi. Huko India, ambako chai ya namna hii ilienea katika karne ya 20 wakati makampuni ya Waingereza yalipokuwa yakiwashawishi wenyeji wanywe chai, wauzaji wa barabarani walizidisha maziwa, sukari na viungo ili wapunguze majani, ambayo ndiyo yaliyokuwa ghali. Makampuni hayakupendezwa, lakini wanywaji walipendezwa sana. Kwa asili yake, basi, hiki ni kinywaji cha mtu anayebana matumizi, ingawa katikati ya mji wetu sasa kinauzwa ndani ya kikombe cha karatasi chenye picha ya theluji, kwa bei inayofanana na theluji hiyo kwa ugeni wake. Majani yenyewe hulimwa katika nchi yetu, kwenye milima ya Kivu.

Wengine husema kwamba bia hupasha mwili joto. Pombe hupanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi, ndiyo maana mnywaji huhisi moto huku mwili wake ukizidi kupoteza joto. Sina ugomvi na Simba, bia ya mji huu yenye heshima zake, lakini kazi ya mbabula haiiwezi. Ama hoja ya kwamba chai huondoa usingizi, katika harusi ambazo muziki huzimwa alfajiri, siioni kuwa inastahili jibu.

Na kwenye harusi, angalau, mtu anaweza kuinuka akacheza mpaka apate joto. Kwenye kilio cha msiba hawezi. Wazee hukaa usiku kucha juu ya viti vya plastiki, wakizunguka moto unaowaunguza magoti na kuwaacha migongo katika baridi, nasi tunapita katikati yao tukiwagawia soda. Mwaka jana, kwenye kilio kimoja cha mwezi wa Juni katika wilaya ya Kenya ya hapa mjini kwetu, akina mama wa kanisa walifika baada ya sala na sufuria ya chai ya tangawizi na mchaichai waliouchuma uani kwao. Mjane alipokea kikombe chake, akakishika kwa mikono miwili kwa muda mrefu kabla ya kuonja. Alipomaliza aliomba kingine, na hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwanza alichokiomba tangu mchana. Hapo sikuona mgonjwa yeyote. Niliona watu waliohitaji kutunzwa, na watu wachache waliojua namna ya kuwatunza.

Kwa hiyo nazisihi kamati zinazokutana wakati huu: kabla ya bia, andikeni katika daftari la michango sukari, maziwa ya unga, majani, tangawizi na gunia la makala ya kuwashia mbabula. Msinunue vikombe vyembamba vya plastiki, ambavyo huunguza vidole na kulegea mkononi. Kodini vya bati pamoja na viti na mahema. Mbabula iwekwe nyuma, mbali na vitambaa vyeupe, lakini upande ambao upepo utaleta harufu mezani. Naye mama atakayepika chai alipwe vizuri kama mpiga muziki, na alipwe kabla hajawasha moto.