Mlipe Fundi Apime, Usimlipe Abahatishe

Mama mmoja jirani yetu, mwalimu mstaafu, ameuziwa pampu ya pawa stelingi (ile inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi) na reki nzima (kile chuma kinachogeuza tairi za mbele) kwa ugonjwa ambao haukuwa kwenye pampu wala kwenye reki. Gari lake ni Corolla 110, limetunzwa vizuri, na lilianza kulia kila anapokata kona. Gereji ya kwanza walifungua boneti, wakasikiliza kidogo, wakasema, "Mama, pampu imekufa hii." Ikafungwa ya mtumba. Mlio ukabaki. "Basi reki nayo imechoka, mama." Ikafungwa reki, ya mtumba vilevile, na mlio ukabaki palepale. Kilichokuwa kinalia ni hewa. Paipu laini inayoshusha oili kutoka kwenye kidumu cha oili ya pawa kwenda kwenye pampu ilikuwa imekauka na kupasuka mdomoni, klempu yake, ile pete ya kuikaza, imelegea, na pampu ilikuwa inavuta oili pamoja na upepo. Paipu ile na klempu zake haifiki hata bei ya tairi moja chakavu.

Nimekasirika, na naandika nikiwa nimekasirika.

Hebu tuitazame hiyo hewa, maana ndiyo inayowapiga watu wengi. Upande wa kuvuta hauna shinikizo. Injini ikiwa inaunguruma, penye ufa pale oili haitoki nje, hewa ndiyo inayoingia ndani. Kwa hiyo hutaona tone chini ya gari, na fundi mwenye haraka atakuapia kwamba hakuna kinachovuja. Lakini fungua mfuniko wa kidumu injini ikiwa inawaka, mtu mwingine azungushe usukani taratibu kushoto na kulia, kisha uchungulie. Oili nzima ya gari kama hili ni nyekundu na inaonekana hadi chini. Yenye hewa imefifia kuwa ya waridi, vipovu vidogo vidogo vimejaa juu, haioneshi kitu. Halafu weka alama kilipofika kiwango, zima injini, utazame tena. Vitabu vya matengenezo vya Toyota vinasema kiwango kisipande zaidi ya milimita 5. Kikipanda zaidi, kuna hewa imefungwa mle. Kipimo hiki hakihitaji kompyuta wala hata spana. Kinahitaji macho na mtu wa kushika usukani.

Sasa swali linaloniuma: fundi yule hakukijua? Mimi naamini alikijua. Mtu aliyefungua Corolla miaka yote hiyo hawezi kuwa hajawahi kuona povu. Hakupima kwa sababu hakuna anayemlipa kupima.

Sisi wenye magari tunaingia gereji na swali moja mdomoni, "Shilingi ngapi?", kabla hata boneti haijafunguliwa. Fundi anapata hela sehemu mbili tu: ufundi wa kufunga kitu, na cha juu kidogo kwenye spea. Saa nzima ya kulala chini ya gari na tochi akifuatilia paipu haina bei. Akikugundulia kwamba ni klempu, akaikaza, utampa elfu mbili ya soda, utamshukuru sana na utaondoka. Yule wa kibanda cha pili aliyesema "pampu hiyo" anakula ufundi wa kufunga pampu, anakula na cha juu, na kesho anakula ufundi wa kufunga reki. Tumeweka utaratibu ambao fundi mwaminifu analala njaa na mbahatishaji anajenga, kisha tunakaa vijiweni kulalamika kwamba mafundi ni wezi.

Hospitali tunalipa kumwona daktari, tunalipa maabara, na dawa inakuja mwisho. Hakuna anayedai arudishiwe hela ya maabara kwa sababu malaria haikuonekana. Gereji tunataka dawa kwanza.

Ninachodai ni kitu kimoja. Mkubaliane ada ya kupima kabla gari halijaguswa, na uilipe hata kama spea utaenda kununua kwingine, hata kama kosa ni klempu, na hasa kama kosa ni klempu. Kwa malipo hayo fundi akuoneshe kwa macho: hiki ndicho kibovu, na hivi ndivyo nilivyojua. Akishindwa kukuonesha, hakuna kununua kitu.

Najua watakaosema ada hiyo itakuwa mwanya mwingine wa kula hela za watu. Wapo watakaofanya hivyo, siwezi kukataa. Lakini mtu aliyepokea hela kwa kazi ya kupima unaweza kumwuliza amepima nini. Aliyepokea hela ya kufunga pampu ameshafunga pampu, kazi yake imekwisha, mlio ni wako.

Na kupima kwenyewe kuna mpangilio, si uganga. Usukani ukiwa mzito, anza na upepo wa tairi za mbele, kisha nyanyua mbele yote kwa jeki, weka stendi, zima injini, uuzungushe kwa mkono. Tairi zikiwa hewani unatakiwa kwenda, hata bila pawa. Ukikwama au ukienda kwa mikato, kosa haliko kwenye pampu: tafuta bolujointi zilizokauka, krosi (kiungo kinachokunja) ya shafti ya usukani, beringi za juu ya shokapu. Hapa ndipo pampu nyingi nzima zimeng'olewa bure. Ukienda vizuri hewani lakini chini ni mzito pande zote, ndipo uanze kuuliza habari za oili, mkanda unaoizungusha pampu, na pampu yenyewe. Na ukiwa mzito upande mmoja tu, achana na pampu kabisa. Pampu haijui kushoto wala kulia, inasukuma oili tu. Kinachoigawa oili huku na huku ni vali iliyo kwenye reki, na uchunguzi uhamie huko.

Mlio mkali wa kupiga mluzi unapokata usukani hadi mwisho, au asubuhi unapowasha, mara nyingi ni mkanda. Uguse: ukiwa mgumu na unang'aa kama umepakwa vanishi, umekwisha. Usiuzungushe usukani hadi mwisho na kuushikilia pale, hata gari likiwa zima. Unaipasha oili moto bure.

Kuna moja nataka kulieleza taratibu, kwa sababu limewahi kutaka kummaliza dereva teksi ninayemfahamu. Gari lake lilikuwa linatoa moshi mweupe mzito wenye harufu ya oili iliyoungua. Oili ya pawa ilikuwa inapungua kila wiki, na chini hakuna tone. Akaambiwa injini imekufa, ringi za pistoni zimekwisha, atafute hela ya kuifungua. Hakuna aliyeunganisha moshi na pawa. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kivali kidogo kwenye pampu, chenye paipu mbili nyembamba za upepo zinazokwenda kwenye mfumo wa hewa wa injini. Kazi yake ni kuipandisha sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) kidogo unapokata usukani gari likiwa limesimama, ili injini isizime. Kivali kile kikifa ndani, injini inaanza kuinyonya oili ya pawa na kuichoma. Chomoa paipu inayokwenda injini, uchungulie ndani. Inatakiwa kuwa kavu. Ya yule bwana ilikuwa imelowa oili nyekundu hadi ikachuruzika kwenye vidole. Kilibadilishwa kivali, moshi ukakatika. Injini ilikuwa nzima muda wote, na baba yule alikuwa tayari anatafuta mkopo.

Sasa nikubali la kukubali. Reki hufa kweli, na kwa barabara zetu zinakufa nyingi. Buti ya reki, yaani mpira unaoifunika mwishoni, ikichanika, vumbi na maji ya mvua vinaingia, chuma kinachotembea ndani kinashika kutu, na kutu ile inakata sili, mipira inayozuia oili isitoke. Fundi akikwambia reki imekufa, mwambie alegeze klempu ya buti mbele yako. Oili ikimwagika kutoka ndani ya buti, ni kweli, hamna ubishi, tafuta reki au mtu wa kubadilisha sili. Buti ikiwa kavu na usukani hauna mchezo, aeleze ametoa wapi hukumu yake. Na kabla hamjafunga ya mtumba, azungushe shafti yake mwanzo hadi mwisho hapohapo dukani na afungue buti zote mbili. Reki ya mtumba yenye buti mpya zinazong'aa inanitia wasiwasi kuliko yenye buti chakavu.

Oili usibahatishe. Mfuniko wa kidumu mara nyingi umeandikwa aina yake, kwenye Toyota nyingi za zamani ni ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya Dexron, na Honda wana oili yao wenyewe na wanasisitiza itumike hiyo tu. Oili ya breki haiingii humo kabisa, inaharibu sili zote. Na zile dawa za kuziba kuvuja zinavimbisha sili kwa muda, kisha uvujaji unarudi.

Kuhusu paipu ya shinikizo, hapa nawaomba, si suala la hela tena. Pampu ya gari dogo inaweza kusukuma oili kwa shinikizo la bar 70 au zaidi. Upepo wa tairi yako ni bar 2 na kidogo. Nimeona paipu hiyo imekatwa penye ufa, ikaunganishwa kwa kipande cha paipu ya kawaida na klempu mbili za kukaza kwa bisibisi, gari likarudishwa kwa mwenyewe. Muungano ule ukifyatuka, oili inaruka kama dawa ya kupulizia, na jirani yake pale kwenye injini mara nyingi ni ekzosi iliyo moto. Oili hiyo inawaka. Mafundi wanaobana paipu za haidroliki kwa mashine wapo mijini, wanatumia paipu na vichwa vya kubana vinavyohimili shinikizo hilo, na kazi yao inakaa. Mpeleke huko. Kama hela haipo leo, gari lilale.

Tena kuna geji ya kupima shinikizo la pampu. Inafungwa kati ya pampu na reki, ina bomba la kufungia. Unafunga kwa sekunde chache, usizidishe 10, unasoma mshale. Shinikizo likipanda hadi kinapotaka kitabu cha gari lako, pampu ni nzima na kosa liko mbele yake. Lisipopanda, na oili na mkanda ni vizuri, pampu ndiyo mbovu. Kifaa hiki kingemaliza ubishi wote wa "ni pampu, hapana ni reki" kabla chai haijapoa. Gereji za mtaani ninazozijua karibu zote hazina. Nilimwuliza fundi mmoja kwa nini asinunue, hata kwa kuchangiana na wenzake wa pale, akanijibu, "Kaka, nikiifunga hiyo geji nikakwambia pampu yako ni nzima, utanilipa nini?"

Nilimwambia kiasi ambacho mimi ningelipa. Akacheka kwanza, kisha akaniuliza kama ninao wengine wanaofikiri hivyo. Ninyi mnaosoma hapa na mnaendesha magari ya umri ule, tajeni kiasi chenu. Nitampelekea.