Kasuku hataki kushikwa: aachwe au azoeshwe?

Wafugaji wa kasuku hawakubaliani juu ya ndege anayekwepa mkono. Wapo wanaosema aachwe alivyo: ale, aoge, apige kelele zake, na mkono wa mtu uishie kwenye bakuli la chakula. Wapo wanaosema ndege asiyeshikika hafugiki, na kwamba dawa yake ni kumfunga taulo na kumkamata kila siku mpaka ukali umtoke. Pande zote mbili zina hoja, na zote mbili zina ndege walioumia.

Kabla ya kuamua nani ana haki, tutazame mkono ukoje kwa ndege mwenyewe. Ndege hana kiwambo cha kifua kama binadamu au paka. Anavuta pumzi kwa kusukuma mfupa wa kidari mbele na kuurudisha, hewa ikazunguka kwenye mapafu na mifuko ya hewa. Ukimzungushia vidole kifuani na kubana kidogo tu, kidari hakisogei na pumzi inakatika. Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, ana gramu 400 hadi 500 hivi. Cherero, wale kasuku wadogo wa kijani wa kaskazini mwa Tanzania wenye shingo ya rangi ya machungwa, ni kama gramu 50. Watoto wanaompokezana cherero mikononi wanaweza kumuua bila hata mmoja kujua kamkosea nini.

Kuna manyoya pia. Kwenye mzizi wa kila unyoya pana mishipa ya fahamu, na unyoya mpya huchomoza ukiwa ndani ya ala yenye damu. Ukiubonyeza anaumia, ukiukunja unavunjika na kutoka damu. Ndiyo maana ndege aliyekuwa akiinamisha kichwa akunwe, akianza kupukutisha manyoya humdonoa mtu yuleyule kwa kukuna kulekule. Na kwa kuwa macho yake yako pembeni mwa kichwa, huona karibu pande zote, na mkono unaomshukia kutoka juu kwake ni mwewe.

Basi kwa nini cherero wawili hukaa wamebanana kutwa, wakitengenezana manyoya, halafu wakamkimbia mwenye nyumba? Ndege anayekubali kuguswa na mwenzake hajaahidi chochote kwa wengine. Hata wenza hao hushughulika zaidi na kichwa na shingo, mahali ambapo mdomo wa ndege mwenyewe haufiki. Mgongo, chini ya bawa na karibu na mkia ni sehemu za shughuli ya kuzaana. Anayemsugua kasuku toka kisogoni mpaka mkiani kama anavyosugua paka anampa ujumbe mwingine kabisa, na matokeo yake yanajulikana: jike hutaga bila dume, chokaa ya mwili (kalsiamu) ikampungua, pengine yai likamkwama, dume hutapikia mkono chakula, hulinda tundu na kuuma wote isipokuwa mtu mmoja. Katika hili upande wa "mwacheni" umeshinda moja kwa moja. Hakuna kasuku anayehitaji kusuguliwa chini ya shingo, hata yule anayeonekana kufurahia.

Hoja yao nyingine ni ya asili ya ndege, na huku kwetu ina uzito kuliko Ulaya. Kasuku wengi wa kijivu waliouzwa Afrika Mashariki hawakulelewa na watu. Walinaswa porini, hasa Kongo, kwa ulimbo na kasuku wa kuvutia wenzake, wakabanduliwa manyoya yakiwa yamegandamana. Mkono wa kwanza waliouonja maishani ndio huo. Ndege wa historia hiyo asilinganishwe na kasuku wa kwenye video anayelala chali kiganjani. Biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ilifungwa kwa uamuzi wa mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, ulioanza kutumika Januari 2017. Nchini Kenya anayemfuga kasuku wa kijivu anatakiwa awe na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la huko, na mwaka 2024 shirika hilo lilitoa msamaha wa miezi mitatu, Aprili hadi Juni, ili wasio na vibali wajisajili. Kwa hiyo kama hujui wako alitoka wapi, chukulia alitoka porini.

Hata hivyo kumwacha kabisa nako kuna gharama, nayo huonekana siku ya shida. Kucha zikirefuka sana hunasa kwenye waya wa tundu, na ndege akijitupa anaweza kuteguka mguu. Ndege hufanana na mzima hadi ugonjwa umeshakomaa. Dalili ya mapema unayoweza kuipima nyumbani ni uzito, na ndege asiyepanda mizani hapimwi. Kasuku aliyepungua asilimia 10 anahitaji daktari, lakini chini ya manyoya macho hayaoni tofauti hiyo. Halafu kuna dawa ya kunyweshwa, kuna kuhama nyumba, kuna moto jikoni. Ndege ambaye hajawahi kuingia kwenye boksi la safari kwa hiari yake atakimbizwa chumba kizima akiwa tayari anaumwa, na hofu yenyewe inaweza kummaliza.

Wa upande wa "mzoesheni" wameliona tatizo hili sawasawa. Walipopotoka ni kwenye njia. Taulo la kila siku mpaka atulie linazaa utulivu wa aina mbaya: ndege amegundua kwamba hakuna anachokifanya kinachosaidia, akaacha kujaribu. Kwa mtazamaji amefugika. Ukimwachia tunduni utamwona amejikunja pembe ya nyuma, hali chakula mtu akiwepo, na baada ya miezi wengine huanza kujinyonyoa kifua. Kukata mbawa ili "apole" kuna kasoro hiyohiyo. Ndege aliyeogopa alikuwa na njia mbili, kuruka au kuuma. Umemwondolea moja, usishangae akiitumia iliyobaki.

Ukali wenyewe huja kwa hatua, na hapa ndipo wengi hupitwa. Kwanza anaacha alichokuwa akifanya na manyoya yanabana mwilini, anakuwa mwembamba ghafla. Kisha anaegemea nyuma, mboni zinasinyaa na kutanuka, kasuku wa kijivu ananguruma kwa sauti ya chini. Mdomo ni hatua ya mwisho. Mtu akizipuuza zile za mwanzo mara nyingi, ndege anajifunza kwamba hazina faida na kuzifuta, ndipo utasikia watu wakisema "ananiuma bila sababu." Kosa la pili ni la upande wa pili wa mdomo huohuo. Kasuku akitaka kupanda huugusa kwanza mdomo mahali anapokwenda, kuhakikisha pako imara. Akiugusa mkono wa mtu, mtu hudhani anaumwa, anauvuta. Kwa ndege, tawi limekimbia. Hatalikanyaga tena.

Kwa maoni yetu pande hizi mbili zinagombania vitu viwili tofauti. Kubembelezwa ni hiari ya ndege, na jibu lake likiwa hapana, yaishe. Kuhudumiwa ni lazima, ila kunafundishwa bila kumshika. Mambo ya kufundisha ni manne: kupanda kijiti unachokishika, kusimama juu ya mizani, kuingia boksi la safari, na kunywa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano.

Anza na chakula. Toa mbegu za alizeti kwenye bakuli la kila siku. Zikiwepo kutwa hazina thamani mkononi mwako. Fanya somo kabla ya mlo, dakika 3 hadi 5, mara mbili kwa siku. Siku za mwanzo usimkaribie: tafuta umbali ambao manyoya yake bado yamelegea, tupia mbegu bakulini, ondoka. Kuondoka kwako ni sehemu ya malipo. Akianza kukusogelea mwenyewe, mpitishie kijiti chembamba kwenye waya. Akikigusa kwa mdomo, mpe mbegu papo hapo. Akishakielewa kijiti, ndicho kitakachomwongoza popote: juu ya tawi unalolishika, kwenye mizani ya jikoni yenye kipande cha mti kilichofungwa juu yake, ndani ya boksi lililo wazi. Tawi liwe imara mkononi, na usimsukume tumboni ili apande. Hiyo ni njia ya zamani, nayo hufundisha kuuma. Kwenye bomba tumia maji ya embe au papai. Parachichi usiliguse, ni sumu kwao.

Taulo lifundishwe pia, kwa sababu kuna siku litahitajika. Litandaze bapa mezani, weka mbegu juu, mwache atembee. Wiki nyingine kunja pembe moja. Kwa ndege wa porini hatua hizi huchukua miezi, na kurudi nyuma hatua moja akibana manyoya si hasara. Akiuma, usipige kelele wala kumtingisha. Mshushe mahali palipo karibu, somo limeisha, ukumbuke alionyesha nini sekunde chache kabla.

Ndege aliyependa kuguswa kisha akakataa ghafla ni suala jingine. Angalia kama anapukutisha manyoya, au kama amefika umri wa kuzaa, ambao kwa kasuku wa kijivu huwa kati ya miaka 3 na 5. Kama si hayo, hasa akivimbisha manyoya, akilala mchana au kinyesi kikibadilika, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Wengi wa madaktari wa mifugo katika miji yetu wamezoea kuku na ng'ombe, kwa hiyo mweleze kabla hajamshika: kichwa kidhibitiwe kwa vidole chini ya taya, taulo lizuie mbawa, kifua kiachwe huru, na akianza kuhema mdomo wazi aachiliwe kwanza, uchunguzi uendelee akishatulia.