Msinisukume, Limezima Makusudi

Jamani, acheni! Nimesema acheni, gari halijaharibika. Limezima makusudi. Ndiyo, makusudi, na nimelipia lijizime lenyewe kila nikisimama.

Wiki hii peke yake nimesukumwa mara saba hapa Mtwara mjini, na sikuomba hata mara moja. Nikisimama tu, gari kimya. Kabla sijanyanyua mguu kwenye breki, vijana wa bodaboda wameshakamata buti, mmoja anapiga kelele, "Tia namba mbili!" Namba mbili ya wapi, gari la otomatiki? Hili hata ukiita kijiji kizima halishtuki kwa kusukumwa. Sasa wakijikaza kusukuma, mimi naachia breki, gari linawaka lenyewe, wanashangilia. Halafu mkono dirishani: "Mzee, ya soda." Nimeshanunua kreti mbili za soda ambazo sijazionja.

Aliyeniponza ni shemeji. Alikuja kutoka Dar kwenye arusi ya Mikindani, na gari lake jipya la Ulaya, mimi nimekaa mbele kama mjumbe wa kamati. Tukafika njia panda, akasimama kupisha malori ya makaa ya mawe ya Ruvuma yanayokwenda bandarini. Gari likazima. Mimi, mtu niliyelelewa, nikashuka, nikakunja kanzu kiunoni, nikaenda nyuma nikainama kusukuma. Shemeji hata hakujua niko nyuma. Malori yakaisha, akaachia breki, gari likawaka likaondoka, nikabaki katikati ya barabara nimeinama, mikono mbele, nasukuma upepo. Daladala iliyokuwa nyuma yetu ilinipigia honi ya heshima.

Aliporudi kunichukua akanipa somo. Kwamba wenzetu gari likisimama kwenye taa huku linanguruma ni kuchoma mafuta bure na kutoa moshi bure, kwa hiyo linajizima, ukitaka kwenda linajiwasha. Kwamba Toyota wenyewe walishalijaribu jambo hilo kwenye Crown miaka ya 1970. Hapo ndipo roho iliponiuma. Mimi nina Corolla ya 1998. Ukoo ule ule! Inakuwaje mjukuu hajui kazi ya babu yake?

Nikaenda kwa fundi umeme. Nikamweleza, akatema kijiti cha meno akasema, "Hilo dogo." Enyi ndugu zangu, fundi akisema "hilo dogo" kimbieni. Mimi sikukimbia, maana pesa za korosho za mnada wa kwanza zilikuwa zimeingia juzi yake tu, na mtu wa kusini pesa ya korosho ikiwa mfukoni haogopi kitu. Shilingi 180,000. Baadaye nikitafakari naona yule bwana alininunua kwa kangomba, kama wale wanaomlalia mkulima korosho zake kwa bei ya kutupa.

Akafunga kiboksi chini ya dashibodi. Kimeungwa na waya wa taa za breki na waya wa spidi. Ukisimama umekanyaga breki, kinahesabu sekunde tatu, kinakata moto. Ukiachia, kinapiga stata. Kwenye gia kuna swichi inayozuia stata isipige mpaka uwe P, ya kuegesha, au N, gia huru. "Hii inatusumbua," akasema, akaiunga moja kwa moja. Mimi nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilielewa kesho yake, nilipoachia breki gari likiwa D, gia ya kwenda mbele, likawaka huku linaruka kama chura, mama muuza pweza akapanda juu ya benchi na sahani yake.

Shemeji naye angeniambia mapema kwamba gari lake halikufungiwa kiboksi, limezaliwa hivyo! Betri yake ni ya namna nyingine, stata yake imetengenezwa kwa kupigwa mara nyingi sana kuliko ya kawaida, na kompyuta yake inauliza kwanza: betri ina nguvu? Injini imeshapata moto? Humu ndani mtu anahitaji ubaridi? Jibu likiwa baya, halizimi. Langu haliulizi mtu. Kompresa ya kiyoyozi inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini ikinyamaza na ubaridi kwaheri, na nyinyi mnalijua joto la Desemba la Mtwara. Usukani unakuwa mgumu kama kinu. Pedali ya breki ukiikanyaga mara mbili tatu inakaza, kwa sababu inasaidiwa na uvutaji wa hewa wa injini ambayo, nakumbusha, nimelipa pesa izimwe.

Redio ndiyo imeniliza. Kila stata ikipiga, redio inazima na kuanza upya. Nasikiliza mpira: "Anakwenda kupiga penalti, anakimbia, anapiga..." Kimya. Ikirudi ni tangazo la sabuni.

Binti yangu wa kidato cha pili akanifanyia hesabu, sikumtuma. "Baba, injini kama hii ikinguruma imesimama haizidi sana lita moja kwa saa. Wewe kwa siku unasimama dakika tano. Petroli tuseme elfu tatu. Unaokoa shilingi 250." Nikamwambia si haba. Akaendelea: 180,000 itarudi baada ya siku 720. Wiki iliyofuata betri ikafa, nikanunua nyingine kwa 240,000. Akaja na daftari: siku 1,680, baba, miaka minne na nusu na zaidi kidogo, kama stata haitakufa. Mtoto huyu ada yake nalipa mimi.

Na hizo dakika tano zenyewe si za foleni. Ni za salamu! Mtwara huwezi kumpita mzee bila kusimama. "Shikamoo mzee." "Marahaba, za kwenu?" Gari linazima. "Eh, mwanangu, gari limekufa?" Halijafa, mzee. "Pole sana. Vijana, njooni!"

Basi nikabuni dawa: nasalimia huku natembea. Naweka mkono dirishani, napunguza mwendo, napiga shikamoo, napita. Ikafanya kazi siku mbili. Siku ya tatu, pale Ligula, mbele yangu mama mkwe, na kikapu cha mizizi ya ming'oko kichwani, ameshasimama pembeni akisubiri nisimame. Betri ilikuwa mpya, niliionea huruma. Nikapunga mkono.

Kikao cha ukweni ni Jumapili. Nakwenda kwa miguu.