“OK” ya Kijani Haithibitishi Kwamba Huduma Iko Tayari

Seva ya Linux inapowaka, skrini hujaa mistari inayopita upesi kuliko jicho, na matoleo mengi ya leo yanayolenga watumiaji wa kawaida huificha nyuma ya nembo. Sikubaliani na kuficha huko, lakini nakiri kwamba hata anayeiona mistari hiyo huweza kupotoshwa nayo.

Toleo la Linux la Fedora lilianza kutumia systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma (programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia), mwaka 2011, Debian na Ubuntu zikaifuata mwaka 2015, na tangu hapo huduma hazipangi tena foleni kama enzi za hati za System V, mfumo wa zamani ulioanzisha huduma moja baada ya nyingine. Nyingi huanzishwa kwa pamoja, kila moja ikizingatia zile inazohusiana nazo, hivyo mstari uliotangulia si lazima uwe chanzo cha hitilafu inayotajwa chini yake.

Linalopotosha zaidi ni neno “OK”, linaloandikwa kando ya jina la huduma iliyoanza, ambalo wengi hulisoma kama cheti cha afya. Huduma ya aina ya simple huhesabiwa kuwa imeanza mara tu mchakato wake unapozaliwa, kabla programu haijasoma hata faili lake la mipangilio. Ikianguka sekunde 2 baadaye, ile “OK” ya kijani inabaki palepale. Huduma ya aina ya notify ni tofauti, kwa kuwa programu yenyewe huiarifu systemd kwamba iko tayari, ndipo mstari huo uandikwe. Alama ni ile ile ilhali ahadi ni mbili, na skrini haikuambii unasoma ipi. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa la usanifu.

Mistari ya hitilafu nayo ina mpangilio wake. Tuseme diski ya data iliyotajwa katika /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa mashine inapowaka, imechomolewa. Kwa kawaida systemd huingoja sekunde 90, kisha huandika “TIME” (muda wa kungoja umekwisha), na baada yake hufuata mfululizo wa “DEPEND” hadi mashine inapoingia katika hali ya dharura. Asiyejua kuusoma mfululizo huo hudhani mfumo mzima umeharibika, akaanza kutafuta flashi ya kusakinisha upya, ilhali kila “DEPEND” inasema tu kwamba kitu kingine kilichohitajika hakikupatikana. Cha kutafutwa ni ule mstari wa “TIME” au “FAILED” uliotangulia; na ikiwa seva inaweza kufanya kazi bila diski hiyo, neno nofail katika mstari wake wa fstab linatosha kuzuia hali hiyo ya dharura.

Kwa huduma iliyoanguka baada ya kupewa “OK”, skrini haina msaada tena. Amri ya systemctl --failed huonyesha zilizoshindwa, na journalctl -b ikiongezewa -u na jina la huduma hutoa maneno ya programu yenyewe tangu mashine ilipowaka, ambayo mara nyingi hutaja waziwazi faili au ruhusa iliyokosekana.